Mtani Aliyelala Mlangoni kwa Shangazi

Majengo, Songea

Mama yangu,

Shikamoo. Naiweka juu kabisa ili barua hii hata ikichanika njiani, hiyo moja iwe imekufikia. Bibi naye mpe yake, kwa sauti kubwa, kwenye lile sikio lake zima. Kifua chako kinaendeleaje? Uliniandikia kwamba kikohozi kimepungua, lakini mistari yako ilikuwa inapanda na kushuka, na mimi naujua mwandiko wako ukiwa mzima. Hamisi upele wake umekauka? Bado anachovya kila kitu kwenye chai, hata ugali? Mimi mwili wangu mzima. Nakula, nalala, nimeota mashavu, mpaka Nasra, binti wa Shangazi, amesema naanza kufanana na watu. Huku ndivyo wanavyosifia.

Barua yako niliipata kwa yule bwana wa samaki wakavu, na ndiye huyo huyo anayerudi na hii. Uliandika kwamba hutoki hapo mpaka Baba arudi, kwa sababu akija akakuta mlango umefungwa atajua mmekufa. Nimepasoma hapo mpaka karatasi imelegea. Habari ya Baba ninayo, na nitaiandika humu humu, usirukie chini kuitafuta. Niache kwanza niuseme mji huu na watu wake, maana nisipoanza na ninachokidharau mkono hautakwenda.

Songea, Mama, ni mji wa kulalamika. Asubuhi wanalalamika baridi, wamejifunga makoti na masweta kama mizigo ya basi. Mchana wanalalamika jua. Umeme ukikatika nusu saa mtaa mzima unaguna. Nyumba ya Shangazi ni ya matofali ya kuchoma, ina bati jipya na makochi yaliyotandikwa vitambaa vya kufuma, na vitambaa hivyo kumbe si vya kukalia. Mimi sikujua. Siku niliyofika nilikikalia kimoja, nikiwa nimetoka kulala porini, na Nasra akakivuta polepole kutoka chini yangu, akakikung'uta, akakikunja, huku ananitabasamia. Nilimdharau tangu pale.

Wiki hiyo ya kwanza wanawake wa mtaani walikuja mmoja mmoja kuniangalia. Walisema wamekuja kutoa pole. Walikaa, wakanywa chai ya Shangazi, wakanitazama miguu, wakauliza kama ni kweli kule watu wanachinjwa au ni mambo ya kwenye simu tu. Mmoja alimwuliza Shangazi, mimi nikiwa hapo hapo nimeshika birika, kama najua Kiswahili. Nikamjibu kwa Kireno ili afurahi. Alifurahi kweli, akaenda kuwasimulia wengine.

Nasra ana miaka kumi na saba kama mimi. Simu yake ikiisha chaji analia. Simsingizii, chozi nimeliona. Siku moja aliniuliza kama kule kwetu nilikuwa naona maiti, na wakati anauliza alikuwa anapaka kucha rangi. Nikamwambia tunaziona kama yeye anavyoona bajaji. Akasema jamani, poleni, kisha akapuliza kucha zikauke.

Shuleni ndiko kwenye kichekesho kamili. Vyeti vyangu ni vya Kireno, na mwalimu mkuu alivigeuza mbele na nyuma kama anatafuta pa kufungulia, mwisho akaniweka kidato cha kwanza. Nakaa na watoto wa miaka kumi na tatu. Magoti yangu hayaingii chini ya dawati. Wananiita dada mbele yangu, nikigeuka wananiita mama. Mwalimu wa Kiswahili, mtu wa Bukoba anayezungumza kama anahutubia uwanja mzima, alitupa insha ya Siku Ambayo Sitaisahau. Alipofika kwenye dawati langu aliinama, akashusha sauti, akaniambia nina mengi ya kuandika, nisiogope. Macho yalikuwa yanamng'aa kwa hamu. Nikaandika kurasa mbili juu ya siku niliyong'olewa jino. Alinipa alama ya chini kuliko wote, akaandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba insha imekosa uzito. Kaniambia niirudie, sijairudia.

Wakatupeleka pia makumbusho ya Majimaji. Hawa watu wana vita yao ya zamani, wanaitunza ndani ya uzio. Mtoa maelezo alituonyesha walikozikwa mashujaa walionyongwa na Wajerumani, akasimulia vizuri, na mimi nilimsikiliza, maana waliokufa siwacheki. Ila wenzangu walikuwa wanapigana vikumbo kupiga picha mbele ya sanamu, mmoja amebana kiuno, mwingine ametoa ulimi. Mwalimu aliyetuleta akasema tushukuru sana, sisi tumezaliwa wakati wa amani, vita tunaisoma tu kwenye vitabu. Wote wakaitikia, ndiyo mwalimu. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao. Hakuna aliyegeuka kunitazama, hata yeye mwenyewe.

Lakini aliyenishinda kabisa ni Mama Komba. Huyu ni jirani wa Shangazi, Mngoni wa Maposeni, Mkatoliki wa kuvaa rozari shingoni, ana genge la nyanya na mchicha mbele ya mlango wetu. Ni mnene, na sauti yake inasikika mpaka kwa fundi baiskeli kona ya pili. Siku niliyofika, kabla sijatua hata mfuko, aliniangalia juu mpaka chini akasema, "Karibu, mtumwa wangu. Babu yangu alimkimbiza babu yako mpaka ng'ambo ya mto, leo umejirudisha mwenyewe kwa miguu." Akacheka huku anapiga mapaja. Na Shangazi, dada wa Baba tumbo moja, badala ya kumtimua akacheka naye, akamwambia anyamaze, mla panya yeye. Maana Wangoni wanakula panya wa shambani, mbeva wanawaita, wanawakausha na kuwapanga kwenye vijiti vizuri kabisa. Nilidhani nimeingia kwenye nyumba ya wendawazimu.

Shangazi alinieleza baadaye kwamba ni utani. Wangoni na Wayao walipigana zamani, vita vikaisha, wakawa watani. Wanatukanana, wananyang'anyana vitu, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Sisi ni Wayao, lakini wewe na Baba hamkuwahi kuniambia hayo. Mmenizaa ng'ambo, nimekulia kati ya Wamakonde na Wamakua, Mngoni nilikuwa simjui hata kwa picha. Nikamuuliza Shangazi ilichukua muda gani mpaka vita vikawa kichekesho, akaniambia nikaoshe vyombo.

Basi nikaamua Mama Komba hatapata shikamoo yangu. Najua ungenichapa. Kila asubuhi nikipita na madaftari nilikuwa naangalia barabara kana kwamba hayupo, na yeye kila asubuhi anaitikia salamu ambayo sijaitoa. "Marahaba, mtumwa wangu, marahaba sana." Kwa sauti hiyo yake, na wateja wanacheka. Siku nyingine alininyang'anya mfuko wa vitabu akauvaa yeye, akatembea kwa maringo mpaka mwisho wa mtaa, anasema anakwenda kunisomea kwa kuwa mimi nina kichwa cha korosho. Hakukosa hata siku moja isipokuwa Jumapili akiwa kanisani. Sijawahi kumchukia mtu kiasi hicho.

Sasa nakuja kwa Baba. Unakumbuka alivyosema anipeleke mimi kwanza, kwa sababu wasichana wa umri wangu ndio waliokuwa wakichukuliwa, kisha arudi awachukue wewe na Hamisi na Bibi ambaye hawezi mwendo mrefu. Na unakumbuka nilivyokuandikia baada ya kufika, kwamba tulipotezana mtoni. Ndivyo nilivyomwambia Shangazi pia, na mwalimu mkuu, na yule afisa aliyeniandikisha Tunduru. Tulipotezana. Nililishika neno hilo kwa sababu halina mkosaji. Kila mmoja anamtafuta mwenzake, basi.

Miezi ikapita. Baba zangu wa Tunduru, wale ndugu zake Baba, wakaanza kumpigia simu Shangazi, wanasema mtu hajaonekana karibu nusu mwaka, asomewe kama marehemu, watu wajue moja. Nikamwambia Shangazi kwamba wanachotaka ni kugawana mikorosho ya Baba, na kwamba yeye naye anataka yake. Nilimwambia hivyo ananitilia uji. Akavua miwani akaifuta kwa pindo la kanga. Alikuwa amechoka kungoja, Mama, leo nayaona hayo, lakini siku ile niliona mikorosho peke yake.

Sheikh wa msikiti wa mtaani alipoitwa alikuwa mwangalifu. Alisema dua inasomwa wakati wowote, haina madhara, lakini mtu aliyepotea haitwi maiti kwa kukisia, mpaka apatikane shahidi aliyemwona. Shangazi akasema basi ni dua tu. Dua gani hiyo inayoazima majamvi mtaa mzima? Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri watu walikuwa wamejaa, wanaume chini ya turubai uani, wanawake ndani, masufuria matatu ya wali kwenye mafiga. Wamejifunika kanga wananiambia pole, na wakigeuka wanaulizana kama kuna nyama. Mwalimu wa Bukoba naye alikuja, amevaa tai. Nasra alikuwa na baibui jipya lenye vishanga mikononi. Mimi nilikaa pembeni macho makavu, na nikasikia mmoja anasema mtoto huyu ana moyo mgumu. Nikaona angalau yupo mmoja mwenye macho.

Wali ulipokuwa tayari kupakuliwa, Mama Komba akaingia. Amevaa suruali na kofia ya mume wake, uso kaupaka majivu, mkononi ana mwiko. Akaenda moja kwa moja akalala chali kwenye mlango wa uani, mlango ambao chakula kilipaswa kupita, akauziba wote kwa mwili wake. Akauliza maiti yake iko wapi, maana amekuja kumzika mtumwa wake na anaona wali tu. Watu wakaanza kucheka. Msibani, Mama, wanacheka. Akasema Wayao njaa imewazidi, wanamsomea mtu aliye hai ili wapate kula nyama, na kumbe Baba yuko ng'ambo ameongeza mke, anachezewa ngoma. Shangazi alikuwa anacheka na machozi yanamtoka pamoja. Akamletea soda ili atoke mlangoni, kwa kuwa ndiyo desturi, mtani akizuia anapewa kitu. Akakataa. Akamletea kanga mpya. Akaikunja akailalia kama mto, akakataa.

Mimi damu ilinipanda. Palikuwa na ndoo ya maji ya vyombo, maji yenye mafuta na punje za wali. Nikaiinua nikammwagia yote, uso mpaka miguu, na nikamwita kila jina baya ninalolijua, kwa Kiswahili, kwa Kiyao na kwa Kireno. Nilitaka aumie. Nilitaka watu wanishike wanifukuze, niondoke katika nyumba ile na mji ule. Unajua walifanya nini? Walipiga vigelegele. Wakasema mtani kamjibu mtani. Mama mmoja, tena yule aliyeniuliza kama najua Kiswahili, akaja mbio akanifunga kanga kiunoni, akatangaza kwamba sasa mtoto wetu amekuwa mwenyeji. Nimemtukana mtu mzima kwa moyo wangu wote, na wao wananishangilia eti nimejifunza desturi.

Aliyejua ni mmoja tu, yeye mwenyewe niliyemmwagia. Alijipangusa majivu na maji machoni, akaniangalia, na kicheko kikamwisha. Akaketi. Akawaambia wanyamaze, huyu hanitanii. Kisha akasema yeye ni mtani, akizuia amezuia, na hatoki pale kwa soda wala kwa kanga, anataka mtu mmoja. "Aje mmoja aniambie alimwona amekufa. Akiwapo, natoka. Kama hayupo, kunjeni majamvi, mtu wenu yu hai, na mke wake aendelee kumngoja."

Barua yako ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga yangu. Nikakuona umekaa hapo na Bibi na Hamisi, mlango wazi, na wale wanaochinja watu wanazidi kusogea kijiji kwa kijiji, na wewe hutoki kwa sababu ya neno langu la tulipotezana. Watu wote walikuwa wanatazama chini. Mama Komba alikuwa ananitazama mimi.

Nikasema, "Nilimwona mimi." Sauti haikutoka vizuri, ikabidi niseme tena.

Sasa nakuambia wewe kama nilivyowaambia wao. Hatukupotezana, Mama. Siku ya tatu ya kutembea, asubuhi, mto ukiwa tayari unaonekana, tulifyatuliwa risasi kutoka kwenye matete. Watu tuliokuwa nao wakatawanyika. Baba alipigwa chini ya mbavu, upande wa kulia. Nilimburuta mpaka nyuma ya kichuguu na tukakaa hapo, mimi na yeye, hadi jua likapinda. Alitaka maji, nikawa naenda kuteka kwa kifuniko cha dumu, nusu yanamwagika njiani. Hakulia. Alinitajia jina la Shangazi na mtaa wake na nyumba iliyo mkabala na genge, akanitaka nirudie kutamka mpaka nikaweza. Kisha akasema, "Mwambie mama yako asiningoje." Alisema mara mbili ili nisikie vizuri, na nilisikia vizuri. Halafu alitamka shahada, mimi nikiitamka naye, na ya kwake haikufika mwisho, nikaimalizia mimi.

Nilimfumba macho. Nilimlaza kuelekea kibla kwa kukisia jua. Nilimfunika kanga yangu ya maua mekundu, nikaweka mawe pembe zote nne isipeperuke. Sikumchimbia. Sikuwa na jembe, na niliogopa, na watu wa mtumbwi walikuwa wanaondoka wananipungia mikono niharakishe. Nilimwacha juu ya ardhi nikavuka.

Hiyo ndiyo aibu iliyonifunga mdomo. Ningekuambiaje kwamba nilimwacha mumeo bila kaburi? Nikaona afadhali awe amepotea. Nikakaa hapa Songea nikiwadharau wote, Nasra na kucha zake, mwalimu na wino wake, na wa kudharauliwa kuliko wote ni mimi, niliyepewa neno moja la kufikisha nikalikalia miezi sita. Ukiamua kunilaani nitajua una haki. Nilikuwa naandika insha ya jino na wewe umekaa mlangoni.

Nilipomaliza kusema pale uani Shangazi alikuwa ameshika ukuta. Mama Komba akainuka, maji yanamchuruzika, akatoka mlangoni kama alivyoahidi. Nilidhani atanikumbatia, na nilijiandaa kumsukuma. Hakunikumbatia. Alisimama mbele yangu, kofia imelowa imemwangukia masikioni, akasema, "Kaburi la Myao anachimba mtani. Ile kazi ilikuwa yangu, mtoto wewe, haikuwa yako. Mimi ndiye sikuwepo." Akaenda kwenye karai akaanza kuosha vyombo na suruali ile ile ya mumewe, akaosha mpaka watu walipoondoka, na wali hakula. Hapo ndipo nililia, Mama. Nililia vibaya, kwa sauti, na makamasi. Aliyenishika ni Nasra, nikamchafua baibui lake lote, naye hakulivuta.

Sheikh alinihoji kwa utaratibu, akaridhika, na Baba akaswaliwa swala ya asiyekuwepo, safu tatu za wanaume mpaka barabarani. Shangazi alinipigia magoti akaniomba msamaha kwa kuniacha na mzigo ule peke yangu, na mimi nikamwomba wake kwa ile mikorosho. Tukabaki tunaombana msamaha kama wajinga mpaka uji ukaungua.

Usidhani nimegeuka malaika. Mji huu bado naudharau. Mwalimu wa Bukoba alinisubiri mlangoni mwa darasa Jumatatu akaniambia kwa upole kwamba sasa pengine naweza kuirudia ile insha. Nikamwambia kuna jino lingine linaniuma. Wanafunzi wameanza kuninyamazia nikipita, hilo ni baya kuliko kuitwa mama. Mama Komba peke yake hakubadilika. Bado ananiita mtumwa, nami namwita mla panya, na shikamoo yangu ya kwanza alipoipata alijifanya hajasikia, akanitaka nirudie mara tatu mbele ya wateja, halafu akanitupia nyanya mbovu. Ila kesho yake alikuja ndani akaniuliza polepole ile sehemu ya mto iko upande gani, na kichuguu kikoje, akasikiliza yote. Nilimweleza. Hakunitania siku hiyo.

Nisalimie Bibi, mama yako mzazi, umwambie asiwalilie kuku wake, huku wapo. Msalimie Hamisi, mdogo wangu, na mwambie dada yake anajua kuendesha baiskeli ya mjini. Msalimie muadhini aliyenifundisha alifu, na mshona vikapu wa nyumba ya pili, na mke wa mwalimu aliyenipa mihogo ya njiani, kama bado wapo, na kama hawapo tena uwaombee. Shangazi, wifi yako, anakusalimu sana. Amenikataza kukuandikia kwamba anakulilia, kwa hiyo sijaandika.

Na hili ndilo la mwisho, lisome polepole. Nilimuuliza sheikh kama ukiipata barua hii ndipo utaanza eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, hapo hapo ulipo. Ndiyo iliyokuwa hofu yangu nikishika kalamu, kwamba nitakuambia ukweli na ukweli wenyewe ukufungie mahali pa kufa. Akaniuliza Baba alifariki lini. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole mwezi kwa mwezi, akarudia kuhesabu, akasema eda huanza siku mume anapokufa, si siku mke anapopata habari. Kwa hiyo umeshaikaa, Mama. Umeikaa ukifagia uani na kumwachia mlango wazi, hujui kama ni eda, na imekwisha tangu mwezi uliopita. Dini haikushikilii hapo, na Baba mwenyewe alikuachia kwa mdomo wake. Bwana wa samaki ana pikipiki, Bibi atakaa katikati, Hamisi utampakata. Funga mlango, uvuke.

Ni mimi mwanao niliyechelewa kukuambia,
Somoe